Mgeni Alale Wapi? Habari za Mji wa Iskandaria

Wengi wetu tunaujua mji wa Iskandaria kwa jina tu. Katika historia tunausoma pamoja na mfalme aliyeuanzisha, na katika jiografia tunausoma pamoja na pamba na mto Naili. Lakini mtu afikapo katika mji wa kigeni, na mzigo wake begani, swali lake la kwanza si la historia wala la jiografia. Hujiuliza: leo nitalala wapi? Katika makala haya nataka kuueleza mji huo kwa njia ya swali hilo, kwa maana kadiri nilivyosoma habari zake, naona kwamba nyumba alalayo mgeni humfungulia mji au humfungia. Wenzetu wengi wa Kidato cha Nne wanatumaini kusafiri siku moja, kwa masomo au kwa kazi, na fedha zao hazitakuwa nyingi. Basi yafaa tulifikiri jambo hili mapema.

Mji wenyewe

Iskandaria uko Misri, katika pwani ya Bahari ya Mediteranea. Aliyeuanzisha ni Alexander wa Makedonia, mwaka 331 K.K. Alichagua ukanda mwembamba wa nchi kavu, kaskazini yake bahari, na kusini yake ziwa liitwalo Mariout. Mbele ya pwani palikuwa na kisiwa kidogo, jina lake Pharos. Baadaye lilijengwa tuta refu, kiasi cha mita 1,200, kutoka pwani mpaka kisiwani. Tuta hilo likayagawa maji sehemu mbili, na hivyo mji ukapata bandari mbili, moja ya mashariki na moja ya magharibi. Miaka ilivyopita, mchanga ulijikusanya pande zote mbili za tuta, hata leo haliwezi kutambulikana tena. Juu yake pana mitaa ya watu, misikiti na masoko.

Mgeni alifahamuye umbo hilo hapotei kwa urahisi. Bahari iko kaskazini daima. Bandari ya magharibi ni ya meli kubwa za biashara. Bandari ya mashariki ni ghuba iliyopindana kama mwezi mchanga, na ndani yake hutia nanga mashua za wavuvi. Barabara pana ya pwani, iitwayo Corniche, huizunguka ghuba hiyo na kuendelea mbali upande wa mashariki.

Kwenye ncha ya magharibi ya ghuba imesimama ngome ya Sultani Qaitbay, iliyojengwa kati ya mwaka 1477 na 1479. Hapo ndipo palipokuwa ule mnara mashuhuri wa taa, mmoja wa maajabu saba ya ulimwengu wa kale. Mnara ulijengwa kiasi cha mwaka 280 K.K., na urefu wake ulipita mita 100. Uliwaongoza mabaharia kwa karne nyingi, mpaka matetemeko ya ardhi, hasa lile la mwaka 1303, yalipoubomoa. Mwaka 1994 wapiga mbizi waliona chini ya bahari, karibu na ngome, mawe makubwa yadhaniwayo kuwa ni ya mnara huo, pamoja na sanamu za kale.

Karibu na ncha ya mashariki iko maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2002, kwa ukumbusho wa maktaba ya kale ya mji huo. Paa lake limeinama kama jua linalotoka baharini, na ukuta wake wa nje ni wa mawe yaliyochorwa herufi za maandishi mengi ya duniani. Kwa mwanafunzi, hiyo peke yake yatosha kuwa sababu ya safari.

Wageni wa zamani

Mwezi wa Aprili mwaka 1326 aliingia Iskandaria kijana wa miaka 22 kutoka Tangier, nchi ya Moroko. Jina lake Ibn Battuta, na alikuwa safarini kwenda kuhiji Makka. Aliutazama mnara wa taa, akakuta upande wake mmoja umebomoka. Aliporudi mwaka 1349 aliukuta umeharibika hata hakuweza kuingia mlangoni.

Lakini jambo kubwa lililompata Iskandaria halikuwa mnara. Alikaa siku tatu nyumbani kwa mtu mmoja mcha Mungu, Sheikh Burhanuddin. Mwenyeji wake akamwambia kwamba anamwona ni mtu apendaye kusafiri, akamwomba awasalimu ndugu zake watatu, mmoja Bara Hindi, wa pili Sind, wa tatu Uchina. Kijana alistaajabu, kwa kuwa hakuwa amewaza kufika nchi hizo. Hata hivyo maneno yale yalimkaa moyoni, na katika kitabu chake asema kwamba hakuacha kutembea mpaka alipowaona wote watatu. Wahenga wetu husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ibn Battuta siku ya tatu hakupewa jembe, alipewa ulimwengu.

Msafiri huyo ndiye yule yule aliyefika pwani yetu mwaka 1331. Alipofika Mogadishu aliona desturi ya watu wa huko: jahazi litiapo nanga, vijana hulifuata kwa mashua wakichukua chakula, na kila kijana humpa mfanyabiashara mmoja akisema, huyu ni mgeni wangu. Mfanyabiashara huyo hukaa kwa mwenyeji wake, na mwenyeji humsaidia kuuza na kununua. Yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mtu wa elimu, alipewa nafasi katika nyumba ya wanafunzi wa dini. Kisha akalala usiku mmoja Mombasa, akaendelea mpaka Kilwa.

Sasa tulinganishe na wageni wa namna nyingine. Katika karne zile zile walikuja Iskandaria wafanyabiashara wa Ulaya, watu wa Venice, wa Genoa na kwingineko, kununua pilipili na viungo vya Bara Hindi. Hao hawakukaa katika nyumba za wenyeji. Kila taifa lilikuwa na jengo lake, ambalo Waarabu waliliita funduq. Lilikuwa jengo kubwa lenye ua katikati, chini ghala za bidhaa na juu vyumba vya kulala. Ndani yake wageni waliweza kuwa na tanuri lao la mikate na mahali pao pa kusali. Lakini usiku ulipoingia, watu wa serikali waliufunga mlango kwa nje, na kadhalika wakati wa sala ya Ijumaa. Kufuli hilo liliwalinda wageni na mali yao, na pia liliwalinda wenyeji na wageni. Mtu aliweza kufanya biashara humo miaka mingi, akarudi kwao tajiri, naye hakujua jirani wa ng'ambo ya ukuta anakula nini jioni. Hata leo Waarabu huiita hoteli kwa neno hilo hilo, funduq, ijapokuwa kufuli la nje limekwisha.

Wageni wa siku hizi

Mji huu ulipata kuanguka sana. Wafaransa walipoingia mwaka 1798 wakazi wake walikuwa elfu chache tu. Ukainuka tena mwaka 1820, ulipochimbwa mfereji wa Mahmoudiyah wa kuleta maji na mashua kutoka mto Naili. Pamba ilileta fedha, na fedha ikaleta Wagiriki, Wataliana, Wasiria na wengineo. Mwaka 1882 manowari za Waingereza ziliupiga mji kwa mizinga na sehemu kubwa ikateketea, lakini ikajengwa upya. Ndiyo sababu mitaa ya katikati, karibu na stesheni ya Ramleh na uwanja wa Saad Zaghloul, ina majumba marefu ya namna ya Kizungu, yenye roshani za chuma. Hoteli ya Cecil, iliyofunguliwa mwaka 1929, iko hapo, nayo imewapokea watu wakubwa kama Winston Churchill.

Msafiri mwenye fedha kidogo hatalala katika hoteli za namna hiyo. Lakini katika mitaa ile ile kuna nyumba nyingine za wageni, ndogo, ambazo aghalabu ni ghorofa moja tu ya jumba la zamani. Chini kuna maduka, mlangoni huketi bawabu (neno tulilo nalo sisi pia), na juu kuna vyumba vichache na sebule moja. Zamani nyumba nyingi kama hizo ziliendeshwa na Wagiriki na Wataliana. Mwandishi Naguib Mahfouz wa Misri, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988, alitunga hadithi nzima juu ya nyumba moja ya namna hiyo. Hadithi hiyo huitwa Miramar, na ilitoka mwaka 1967. Wageni wake ni wazee na vijana, matajiri na maskini, wote wakikutana katika sebule moja.

Njia nyepesi ya kufika ni kwenda kwa ndege mpaka Kairo, kisha kupanda garimoshi. Reli hiyo ndiyo ya zamani kuliko zote katika Afrika. Ilifika Kairo kutoka Iskandaria mwaka 1856. Safari ni ya saa mbili na nusu hivi, au tatu. Afikapo, mgeni na ayaangalie mambo haya:

Kwanza, majira. Kuanzia Juni mpaka Septemba watu wa Kairo hukimbia joto na kuujaza mji, na bei za vyumba hupanda. Wakati wa baridi vyumba hupatikana kwa wepesi, lakini huja dhoruba za mvua na upepo. Wavuvi wamezipa dhoruba hizo majina. Ile ya mwezi wa Novemba huiita Maknasa, maana yake ufagio. Miezi ya Aprili na Oktoba ni mizuri.

Pili, mahali. Upande wa mashariki kabisa, kuelekea bustani za Montaza, kuna nyumba nyingi za kupanga, lakini ziko mbali na mambo ya kale. Aliye karibu na bandari ya mashariki aweza kwenda kwa miguu kwenye maktaba, kwenye ngome, na kwenye mtaa wa wavuvi wa Anfushi, ambako huchagua samaki wake akapimiwa kwa uzito, kisha akakaangiwa.

Tatu, chumba chenyewe. Asilipe kabla hajakiona. Aulize kama bei ni ya mtu au ya chumba, kama chakula cha asubuhi kimo ndani yake, na kama maji ya moto yapo. Chumba kitazamacho bahari huwa na bei zaidi, tena kelele za magari ya Corniche huingia usiku kucha. Chumba cha nyuma ni rahisi na kimya, na bahari i pale pale chini, haina malipo.

Nne, pasipoti. Mwenye hoteli ataitaka ili aandike habari za mgeni. Hiyo ni sheria, mtu asikasirike. Lakini akisha kuandika, mgeni aiombe na kuitunza mwenyewe.

Tano, jengo. Jambo hili si dogo. Bahari inapanda na kuila pwani ya Iskandaria, na maji ya chumvi hupenya chini ya ardhi na kuila misingi ya nyumba. Mwaka 2025 watafiti walitangaza kwamba majengo zaidi ya 280 yalikuwa yameanguka mjini humo katika miaka 20. Mbele ya ngome ya Qaitbay yamewekwa matofali makubwa ya saruji ili kuyavunja mawimbi. Mgeni akiona kuta zenye nyufa kubwa na ngazi zilizoinama, na atafute nyumba nyingine, hata kama bei ni ndogo. Lakini na akumbuke kwamba yeye ataondoka kesho, na bawabu na watoto wake watabaki.

Mtu akiyafuata hayo atapata kitanda salama. Lakini kitanda hakitoshi. Kuna wasafiri wa leo ambao hujifungia funduq wenyewe bila kufungiwa na mtu: hula chakula cha kwao, husema na watu wa kwao, hupiga picha za ngome, hurudi. Ningependa sisi tuchague nyumba yenye sebule kuliko nyumba yenye fahari, tumsalimu bawabu kila tutokapo, na tujifunze maneno machache ya Kiarabu kabla ya kufika, kwa kuwa nusu yake yamo tayari katika lugha yetu. Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni asiyetoka chumbani, wala mgeni huyo hatasikia habari za nchi ambazo hakuwa amewaza kufika.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne