Sakafu ya mbao: Unyevu ndio adui wa kwanza

SAKAFU ya vipande vya mbao ngumu, maarufu kwa jina la parketi, huipa nyumba hadhi na huweza kudumu kwa miongo kadhaa. Hata hivyo, si ajabu kuikuta katika nyumba mpya za Dar es Salaam ikiwa imeumuka, imepinda au imeacha nyufa baina ya vipande hata kabla ya kutimiza mwaka.

Mwenye nyumba humlaumu fundi, naye fundi huilaumu mbao. Lakini mara nyingi chanzo ni unyevu ambao hakuna aliyeupima. Mbao hufyonza na kutoa maji kulingana na hewa inayoizunguka. Inapofyonza hutanuka kwa upana, inapokauka husinyaa; kwa urefu hubadilika kidogo mno.

Uchaguzi wa mbao

Mninga unapendwa si kwa rangi yake ya kahawia pekee, bali pia kwa sababu hutanuka na kusinyaa kidogo kuliko mbao nyingi. Mkongo ni mgumu zaidi, hivyo unafaa sehemu zinazokanyagwa sana kama ngazi na korido. Mtiki nao hutulia vizuri, na hupandwa nchini katika mashamba ya serikali, yakiwamo ya Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro.

Mninga na mkongo hutoka katika misitu ya asili, nayo imevunwa mno. Novemba 2022, mkutano wa CITES uliofanyika Panama uliiweka miti hiyo katika orodha ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Kwa hiyo mnunuzi anapaswa kudai stakabadhi na vibali vinavyoonyesha kwamba mbao imevunwa kihalali.

Jambo la pili ni ukavu. Mbao mbichi huwa na maji yanayozidi asilimia 30 ya uzito wake mkavu, ilhali ya sakafu inatakiwa ishuke hadi kati ya asilimia 10 na 12 hivi. Macho hayawezi kuthibitisha hilo. Mtake muuzaji apime mbele yako kwa kipima unyevu, na uchague mbao iliyokaushwa kwenye tanuri.

Zege nalo likauke

Kosa la kawaida ni kubandika parketi juu ya zege lililomwagwa wiki chache tu zilizopita. Mafundi wengi hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Zege la sentimita 10 huhitaji takriban miezi minne.

Kipimo rahisi ni kubandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita juu ya zege, kuziba kingo zote kwa utepe wa gundi na kukiacha kwa siku moja au mbili. Ukikuta matone chini yake, au zege limekuwa jeusi, usianze kazi. Aidha, ikiwa nailoni ya kuzuia unyevu wa ardhini haikutandikwa chini ya zege wakati wa ujenzi, itafutwe kinga nyingine kabla ya kubandika.

Hatua za kuweka

Vipande viwekwe ndani ya chumba husika kwa wiki moja au zaidi, huku madirisha na milango ikiwa imekwisha kufungwa. Kama chumba kitatumia kiyoyozi, kiwashwe mapema, kwani hewa yake huikausha mbao.

Ongeza asilimia 5 hadi 10 kwa ajili ya mabaki. Chumba cha mita 4 kwa 5, chenye eneo la mita za mraba 20, kitahitaji mita 21 hadi 22. Kwa mtindo wa mifupa ya samaki, unaokata vipande vingi pembeni, ongeza hadi asilimia 15.

Tumia gundi maalumu ya sakafu ya mbao. Gundi nyeupe ya useremala ina maji ambayo huivimbisha mbao. Pembeni mwa kuta zote iachwe nafasi ya milimita 10 hadi 15, ambayo baadaye hufunikwa na skatingi. Bila nafasi hiyo, mbao inayotanuka wakati wa masika hukosa pa kwenda, ikainuka katikati ya chumba.

Gundi ikishakauka, sakafu husuguliwa kwa msasa, kuanzia wenye chembe kubwa hadi laini, kisha hupakwa vanishi mara tatu. Baada ya hapo isimwagiwe maji ya kudekia. Kitambaa kilichokamuliwa kinatosha.

Anayejenga hutamani kuhamia mapema. Lakini kusubiri zege likauke hakugharimu kitu, ilhali kuibandua sakafu iliyoumuka ni kulipia mbao, gundi na fundi kwa mara ya pili.