Daftari la Vifo na Kisima cha Broad Street

Mwaka 1837 serikali ilianza kuandikisha vizazi na vifo kote Uingereza. Faida yake ilidhihirika mwaka 1854, kipindupindu kilipozuka katika parokia ya St James, London. Wataalamu wengi walidhani ugonjwa huo huenezwa na hewa chafu. Daktari John Snow alichukua orodha ya vifo 83 vya siku tatu za mwisho za juma lililoishia tarehe 2 Septemba, akauliza marehemu walikunywa maji ya wapi. Karibu vyote vilitokea jirani na kisima cha Broad Street. Lakini katika nyumba ya maskini iliyokuwa hapo karibu, yenye wakazi 535 na kisima chake yenyewe, walikufa 5 tu. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa.

Kasisi Henry Whitehead alifanya uchunguzi ili kumpinga Snow, lakini ukweli ukamshinda. Mwaka 1855 aligundua daftarini kifo cha mtoto mchanga wa nyumba namba 40, kilichoandikwa kuwa cha kuharisha. Maji yaliyofulia nguo zake yalimwagwa katika shimo bovu, lisilofika hata meta moja kutoka kisimani.

Basi takwimu si hesabu ya wafu tu. Kifo kimoja, kikiandikwa tarehe, mahali na sababu yake, chaweza kuonyesha njia ya kuwaokoa walio hai.