Kabla ya Bei, Uliza Kwao Ua

Waridi limewaponza wengi Dar es Salaam, nami nimo. Mwaka niliohamia Mbezi nilisimama kwenye kitalu cha kando ya barabara, nikaona miche sita ya waridi jekundu imechanua ndani ya viriba vyake, nikapagawa. "Mama, haya yanatoa maua mwaka mzima," kijana muuzaji akaniambia. Nikalipa bila hata kuomba kupunguziwa. Masika ilipokwisha majani yalikuwa na madoa meusi, yakageuka njano, yakapukutika. Kufika Agosti nilibaki na vijiti sita vyenye miiba. Aibu yangu ni kwamba kilimo cha bustani ndicho nilichosomea.

Yule kijana hakunidanganya. Waridi hutoa maua mwaka mzima, ila huko linakopendezwa: Lushoto, Limuru, Naivasha ambako Wakenya hulilima kwa ajili ya masoko ya Ulaya. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi kama 6, kwa hiyo usiku wa huko mmea hupumzika, ukajenga shina imara na ua lililojaa. Usiku wa Dar hauna mapumziko. Jani la waridi likishinda na maji kwa saa saba na zaidi katika hali ya vuguvugu, kuvu wa madoa meusi huota juu yake, na mvua zetu za Aprili humpa saa hizo bila choyo. Unaweza kupambana naye kwa dawa kila wiki ukitaka. Mimi niliacha.

Tangu hapo sijaulizia bei ya ua kabla ya kujua kwao ni wapi. Mmea hutembea na tabia za nyumbani kwake, hata ukipita vizazi mia vya vitalu na mabustani. Anayejua kwao ua hahitaji kukariri maelekezo mengi, kwani jua, maji na udongo unaotakiwa vyote vimo katika jibu hilo moja.

Chukua boganvilia, ambayo kila mtaa unayo. Kwao ni Amerika ya Kusini. Mfaransa Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea katika msafara wa Louis Antoine de Bougainville wa kuizunguka dunia, aliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767, na jina la mkuu wa msafara ndilo tunalolitamka hadi leo. (Msaidizi wake, Jeanne Baret, alikuwa mwanamke aliyevaa kiume ili apate nafasi melini. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Nikipita penye boganvilia namkumbuka yeye kuliko huyo mkubwa.)

Chuma kishada kimoja ukitazame kwa karibu. Hicho cha zambarau tunachokiita ua si ua. Ni majani matatu, membamba kama karatasi, yenye mishipa kama jani lolote lile. Kwenye mshipa mkuu wa kila moja umeshikamana mrija mwembamba, mfupi kuliko njiti ya kiberiti, uliofunguka mdomo kama nyota nyeupe. Huo mrija ndio ua lenyewe. Ndiyo maana rangi ya boganvilia hudumu wiki nyingi: petali hunyauka mapema, bali jani ni jani.

Nayo imezoea kiangazi. Ikikosa maji kidogo hudhani mwisho umekaribia, ikaharakisha kuchanua. Ikishibishwa maji na samadi hunenepa, ikatoa majani na miiba tu. Mzee mmoja jirani yangu aliimwagilia yake ndoo nzima kila jioni kwa miaka miwili, kisha akaja kunilalamikia kwamba ameuziwa dume, kama vile ni mpapai. Nikamwambia, "Mzee wangu, inyime maji mpaka uionee huruma." Aliniangalia kama mtu anayetukanwa. Ilikuwa Julai. Septemba ukuta wake haukupitika bila kugeuza shingo.

Udongo nao una makwao. Iksora, ule mmea wa vichala vyekundu unaopandwa mistarini mbele ya hoteli na ofisi, umetoka kusini mwa India na Sri Lanka, na hupenda udongo wenye tindikali kidogo. Upeleke Unguja kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe uone. Majani machanga hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani, mfano wa ramani ya mito. Mwenye bustani huongeza maji, kisha mbolea, kisha hukata tamaa. Kinachokosekana ni madini ya chuma, na mara nyingi yamo humo humo ardhini. Chokaa ya matumbawe ndiyo inayoyafunga mizizi isiyapate. Jambo lilo hilo hutokea bara, iksora ikipandwa chini ya ukuta uliopigwa lipu juzi. Panda kwenye chungu chenye mboji nyingi, au uachane nayo. Ardhi ya matumbawe inawafaa wengine, kwa mfano boganvilia na waridi la jangwani, lile la shina nene kama mguu wa tembo.

Kuhusu tulipu ambazo ndugu walioko Uholanzi hutuletea kwenye masanduku, sitasema mengi. Kitunguu cha tulipu huhitaji miezi kama mitatu ya baridi kabla hakijakubali kuchanua. Kama una nafasi kwenye friji, haya.

Bustani nyingi ninazozitembelea hazina shida ya jua, zina shida ya kivuli. Chini ya mwembe, upande wa nyuma ya nyumba, kwenye ujia kati ya ukuta na dirisha la jikoni, ukoka haushiki na kila mche unaonunuliwa unarefuka shingo na kufa. Hapo watu huniuliza ua gani la kigeni litakubali. Jibu liko kwenye misitu yetu wenyewe.

Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, alimpelekea baba yake Ujerumani mmea mdogo wa maua ya zambarau na majani yenye manyoya, uliotoka Usambara. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliupa jina la kisayansi linalotokana na ukoo huo: Saintpaulia. Leo unakaa madirishani Ulaya na Marekani, una vilabu vya wapenzi wake, na umezalishwa kwa rangi zisizohesabika. Wajerumani bado huuita urujuani wa Usambara. Kwao huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, mizizi yake ikiwa kwenye udongo haba, kwa hiyo hautaki jua kali wala chungu kilichojaa maji, na ukimwagia maji ya baridi juu ya majani hupata mabaka. Huko msituni jamii zake kadhaa zimo hatarini, kwa kuwa miti inayouwekea kivuli inakatwa. Ukitaka kuuotesha, nunua uliozalishwa kitaluni. Usiende kuung'oa mwambani. Jani moja likichomekwa kwenye mchanga mbichi hutoa miche.

Wa pili una kisa cha kuchekesha zaidi. Ni ule mmea wa mashina laini yenye maji, wenye maua bapa mekundu, ya waridi au meupe, ambao kibumba chake cha mbegu kikikomaa hupasuka ukikigusa na kurusha mbegu. Watoto hawachoki kukibonyeza. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, aliupeleka kwenye bustani ya Kew, London, na mwaka 1882 Joseph Dalton Hooker akauita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, ambaye wakati huo alikuwa Sayyid Barghash. Baadaye ikaonekana ni mmea uleule uliokwisha kupewa jina Impatiens walleriana, na kwa kanuni za taaluma jina la kwanza ndilo hushinda. Sultani akavuliwa ua lake. Mimi naendelea kuuita sultani, na wanaonijua wananielewa. Kwao ni misitu yenye unyevu ya Afrika Mashariki, na leo unauzwa kwenye vitalu vya dunia nzima kwa ajili ya sehemu za kivuli.

Halafu kuna maua yasiyochaguliwa kwa macho. Watu wa pwani walilijua hili zamani: asumini, kilua, rehani na mkadi havikupandwa uani ili mpita njia avione, vilipandwa vinukie, vikaingia kwenye kikuba na koja. Tumba la asumini huchumwa alasiri lingali limefumba, kwa sababu hufunguka usiku na ndipo harufu yake inapokuwa kali. Asumini ataka jua la kutosha. Mpande karibu na dirisha la chumba cha kulala, upande unakotoka upepo, la sivyo utakuwa umewanukishia majirani bure.

Neno moja kali kwa wenye watoto na mbuzi. Oleanda ina sumu kuanzia jani hadi ua. Tarumbeta, yale maua makubwa yanayoning'inia kama kengele, vilevile. Utomvu wa waridi la jangwani ulitumika kutia sumu mishale. Sisemi msipande, nami ninalo moja barazani, lakini lipo juu kuliko mkono wa mjukuu wangu.

Ukishajua unachokitaka, nenda kitaluni na uache macho nyumbani. Wauzaji hupanga mbele miche iliyochanua, kwani ndiyo inayouza. Wewe omba ule wa nyuma wenye matumba mengi na ua moja tu la kukuthibitishia rangi. Geuza kiriba uangalie chini. Mizizi ikiwa imetoboa na kuingia ardhini, itakatika ukiuinua, na mche utanyauka siku ya pili. Ikiwa imejizungusha ndani kama kamba ya ndoo, mche umekaa humo muda mrefu mno. Geuza na majani pia; vidudu vyeupe kama pamba hukaa upande wa chini, na ukivibeba vitahamia kwenye mimea yako yote. Mche mfupi wenye shina nene ni bora kuliko mrefu, na kwa kawaida ni wa bei ndogo.

Na kama mfuko hauruhusu kwa sasa, anza na sultani. Omba kitawi kwa jirani, urefu wa kidole, uondoe majani ya chini na ukiweke kwenye glasi ya maji mbali na jua. Kwa kawaida kabla wiki mbili hazijaisha utaona mizizi myeupe.