Kenora: Mji mdogo uliowazima Wanderers kwao Montreal

KOMBE la Stanley likitajwa, wengi huwaza vigogo wa Montreal na Toronto. Lakini Januari 1907 taji hilo la hoki ya barafuni lilibebwa na Kenora Thistles, timu ya mji mdogo wa Ontario, Kanada. Hakuna mji mdogo kuliko huo uliowahi kulitwaa.

Wala haikuwa ngekewa. Thistles walishalifuata Ottawa mara mbili, 1903 na 1905, wakarudi mikono mitupu. Ile ya 1905 iliuma zaidi: walianza kwa kugawa dozi ya 9-3, kisha wakapoteza mechi mbili zilizofuata.

Safari ya tatu wakawavaa Wanderers, mabingwa watetezi, hukohuko Montreal. Kikosi kilijaa vijana waliokulia Kenora, akiongezwa beki Art Ross kwa mkopo kutoka Brandon. Ndiye huyohuyo ambaye leo tuzo ya kinara wa pointi wa NHL inaitwa kwa jina lake. Mechi ya kwanza 4-2, yote manne katupia nahodha Tommy Phillips. Ya pili 8-6, Phillips tena matatu. Jumla 12-8, wenyeji hoi.

Raha haikudumu. Machi Wanderers walitaka marudiano, yakapigwa Winnipeg, na kombe likaondoka. Mashabiki wa Kenora hawakuona timu yao ikilitetea nyumbani.

Mwaka 2012 Mike Richards, kijana wa Kenora, alilitwaa akiwa na Los Angeles Kings, akalipeleka kwao.