Ukaazi wa Kudumu kwa Njia ya Kazi: Kanada, Ujerumani au Uingereza?

Muuguzi, fundi umeme au mhandisi anayetaka kwenda kufanya kazi ng'ambo huuliza kwanza viza ni shilingi ngapi. Swali hilo halitoshi. Viza ya kazi inakuingiza nchini, lakini haikupi uhuru: mpaka upate ukaazi wa kudumu, haki yako ya kuishi pale inategemea ajira, na mara nyingi mwajiri mmoja. Akikuonea, unanyamaza. Akifunga biashara, unafungasha. Ndiyo maana katika ulinganisho huu miaka ya kumtegemea mwajiri inahesabiwa pamoja na fedha. Ada zilizotajwa ni za mwaka 2025, na kwa kawaida hupanda, kwa hiyo hakikisha kiwango cha siku unayolipa kwenye tovuti ya serikali husika.

Uingereza: lugha unayo, bei ni kubwa

Mfanyakazi mwenye ujuzi anayeomba viza ya miaka mitano akiwa nje ya nchi analipa pauni 1,519. Juu yake kuna tozo ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka, yaani 5,175 kwa miaka mitano, na inadaiwa yote wakati wa kuomba viza. Ukaazi wa kudumu ni pauni 3,029, mtihani wa maisha ya Uingereza 50, na uraia 1,735. Jumla ni pauni 11,508 kwa mtu mmoja. Wauguzi na wengine wenye viza ya wahudumu wa afya wana nafuu: viza yao ni pauni 590 na tozo ya afya wamesamehewa, hivyo jumla yao ni 5,404.

Kwa familia hesabu inauma zaidi, kwa sababu mtoto hulipiwa ukaazi sawa na mtu mzima. Baba, mama na watoto wawili watatoa pauni 12,116 kwa ukaazi peke yake.

Katika miaka yote ya kusubiri ukaazi uko chini ya mdhamini, yaani mwajiri wako. Ukiachishwa kazi, kwa kawaida unapewa siku 60 kupata mwajiri mwingine mwenye leseni ya udhamini, la sivyo uondoke. Tena mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kurefusha safari ya ukaazi kutoka miaka mitano hadi kumi kwa walio wengi, na hadi kumi na mitano kwa kazi za ngazi ya chini kama ulezi wa wazee. Mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka ng'ambo ulifungwa Julai 2025. Anayekuuzia leo nafasi ya ulezi Uingereza kutoka Nairobi au Dar es Salaam anakutapeli.

Kanada: ukaazi kabla ya kupanda ndege

Mfumo wa Express Entry unakupima kwa alama: umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi. Ukichaguliwa, unaweza kupata ukaazi wa kudumu ukiwa bado nyumbani, na ukifika humtegemei mwajiri yeyote. Ada ya ukaazi ni dola za Kanada 1,525 kwa mtu mzima, ikijumuisha ada ya haki ya ukaazi, na 260 kwa mtoto. Familia ile ile ya watu wanne italipa 3,570. Alama za vidole ni dola 85 kwa mtu mmoja au 170 kwa familia, na uraia ni 649.75 kwa mtu mzima.

Ongeza mtihani wa lugha, tathmini ya vyeti na uchunguzi wa afya. Asiye na kazi Kanada huonyesha pia akiba ya zaidi ya dola 15,000 kwa mtu mmoja. Fedha hiyo huilipi kwa mtu, lakini lazima iwe yako kweli. Hapo ndipo wengi wetu hukwama, pamoja na ushindani wa alama. Mkongo au Mrundi anayejua Kifaransa vizuri ana faida kubwa, maana Kanada huwaita waombaji wanaojua Kifaransa katika kundi lao maalumu.

Tangu Machi 2025 barua ya ajira haiongezi alama katika mfumo huu. Wakala anayekutoza mamilioni kwa barua "ya kuongeza alama" anauza karatasi tupu.

Uraia unaombwa baada ya kuishi Kanada siku 1,095 ndani ya miaka mitano.

Ujerumani: ada ndogo, lugha ngumu

Viza ni euro 75, kibali cha kwanza takriban 100, ukaazi wa kudumu 113, mtihani wa uraia 25 na uraia wenyewe 255. Jumla haifiki euro 600. Gharama halisi iko kwenye utambuzi wa vyeti na kwenye Kijerumani: muuguzi kwa kawaida hutakiwa kufika kiwango cha B2, na hiyo ni miezi mingi ya masomo bila mshahara.

Ukishaingia, mambo huenda haraka. Mfanyakazi mwenye ujuzi anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu, akiwa amechangia mfuko wa pensheni miezi 36 na ana Kijerumani cha B1. Mwenye Kadi ya Buluu, kibali cha Umoja wa Ulaya kwa wataalamu wenye ujuzi wa juu, husubiri miezi 27, au 21 akiwa na B1. Uraia ni miaka mitano, na tangu Juni 2024 hulazimiki kuukana uraia wako wa awali. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya ajira Septemba 2024, lakini hayakuahidi idadi yoyote ya nafasi.

Bei ya uraia nyumbani

Mkenya wa kuzaliwa anaruhusiwa uraia pacha tangu Katiba ya 2010, ila anatakiwa kuutangaza kwa serikali ndani ya miezi mitatu. Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia mwingine kwa hiari anaupoteza wake. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2024 yalileta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, lakini hadhi hiyo si uraia.

Kwa Mtanzania, basi, ukaazi wa kudumu unaweza kuwa ndio mwisho wa safari, na swali linakuwa: unaweza kukaa nyumbani muda gani bila kuupoteza? Uingereza huufuta ukikaa nje miaka miwili mfululizo. Kanada hudai siku 730 ndani yake katika kila miaka mitano. Ujerumani huufuta ukaazi wa kawaida ukikaa nje zaidi ya miezi sita. Anayetaka kurudi kuuguza mzazi au kusimamia ujenzi azingatie hilo kabla ya kuchagua.

Uamuzi

Mwenye alama na akiba aanze na Kanada, kwa sababu anafika akiwa huru. Kijana mwenye ufundi au uuguzi, asiye na akiba lakini ana muda, ajifunze Kijerumani. Uingereza ninaipendekeza kwa muuguzi mwenye mkataba halali mkononi, baada ya kuhesabu kama miaka itakuwa kumi badala ya mitano. Na popote utakapokwenda, usimlipe mtu kwa ajili ya hati ya udhamini: gharama hiyo ni ya mwajiri, na anayeanza kwa kukutoza ataendelea kukukamua utakapokuwa chini yake.