KABLA HUJAMDHAMINI MWENZAKO, FUNGUA BONETI



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za mishahara, mikataba na usalama kazini. Leo nitazungumza habari ya gari. Msiseme kwamba ndugu yenu amepotea njia. Gari lenyewe lilikula mishahara ya watu sita wa kiwanda kimoja, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwaka 2022, saa nne asubuhi. Natoka sokoni Kabeza, namkuta mwenzetu mmoja, fundi mitambo wa kiwandani, amesimama kando ya barabara. Boneti iko juu na mvuke unatoka kama sufuria ya maharage. Mkewe amekaa kwenye jiwe na vikapu vya mboga. Nikamwuliza, "Ndugu, gari limekuwaje?" Akanijibu bila kunitazama: "Mzee, hili si gari tena. Ni mkopo unaochemka."

HESABU ILIYOSAHAU KITU

Gari lilikuwa kijipu kidogo cha okasheni, la petroli, injini ya lita 2.4, miaka kumi na minane tangu kutengenezwa. Sitataja aina yake, maana nia yangu si kugombana na kampuni. Bei ilikuwa faranga 4,500,000. Yeye alikuwa na akiba ya 1,500,000. Zilizobaki 3,000,000 alikopa katika chama cha akiba, arudishe 108,000 kila mwezi kwa miaka mitatu. Wadhamini tulikuwa watano.

Hesabu yake ilionekana nzuri. Mkewe hupeleka mboga mahotelini, na kila wiki alikuwa akilipa gari la kukodi 30,000. Kwa mwezi ni 120,000. Basi wakasema: fedha hiyo hiyo italipa mkopo, na gari libaki letu. Tulitia sahihi tukicheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza habari ya petroli, wala bima, wala fundi. Na bei ilipokuwa chini kuliko za magari mengine ya namna ile, tulisema ni bahati.

Mwezi wa pili gari likaanza kunywa maji. Fundi wa kwanza akasema ni rejeta. Ikabadilishwa kwa 180,000. Halikupona. Fundi wa pili akasema ni gasketi ya silinda hedi, 350,000. Wiki tatu tu, mvuke ukarudi. Ndipo fundi wa tatu, mzee mmoja wa Gatsata, alipofungua vizuri akaona ugonjwa wenyewe. Matundu ya bolti zinazokaza hedi, upande wa nyuma wa injini, yalikuwa yameliwa meno. Bolti zinazunguka tu, hazishiki. Gasketi mpya ingeshika vipi? Kazi ile ikala 600,000. Jumla ni 1,130,000, yaani robo ya bei ya gari.

Mwenzetu akashindwa kulipa mkopo miezi mitano. Chama kikatugeukia wadhamini: kila mmoja akatwe 21,600 kwa mwezi. Kati yetu alikuwamo mama mmoja wa idara ya kufungasha, mshahara wake 90,000, na ana watoto watatu shuleni. Ndugu, karibu robo ya mshahara wa mtu ilikwenda katika injini ambayo hajawahi kuipanda.

KWA NINI MAGARI HAYA

Kijipu kidogo si anasa kwetu. Suzuki Vitara ilitoka mwaka 1988, Toyota RAV4 mwaka 1994, Honda CR-V mwaka 1995. Tangu hapo watu wa nchi za milima waliyapenda: ni magari ya juu kidogo, hupita kwenye mashimo, huingia katika njia za udongo wa Kabeza wakati wa mvua, na hayali petroli kama majipu makubwa. Wapo wenzetu walio na vijipu vya miaka ishirini na zaidi, na bado vinawapeleka shamba na kuwarudisha.

Lakini Rwanda tunaendesha upande wa kulia, na jirani zetu wa Tanzania, Kenya na Uganda upande wa kushoto. Magari mengi ya okasheni wanayotoa Japani yana usukani wa kulia, hayatufai. Yetu hutoka zaidi Ulaya, nchi za Ghuba na Marekani. Gari limekaa huko miaka kumi au kumi na tano, likavuka bahari, likapandishwa kutoka Dar es Salaam au Mombasa. Mnunuzi wa Kabeza ni mtu wa tatu au wa nne. Anaona rangi inayong'aa. Historia yake haioni.

Ile kasoro ya meno ya bolti si uchawi wala bahati mbaya ya mtu mmoja. Mafundi wa nchi nyingi wanaijua katika baadhi ya injini za lita 2.4 za miaka ile. Bloki ni ya aluminiamu, madini laini; injini ikipata joto kupita kiasi, meno yanalegea, na maji yanavuja kwa nyuma ambako jicho halifiki. Dawa yake ni kutoboa upya na kutia vijibomba vya chuma vyenye meno mapya, si kubadilisha gasketi peke yake. Fedha za mafundi wawili wa kwanza zilipotea kwa kutibu homa na kuacha malaria.

Na milima yetu inazidisha. Hapa tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kinachozuia maji ya injini yasichemke ni mgandamizo unaoshikwa na kifuniko cha rejeta. Kikiwa kizima, maji huvumilia kupita nyuzi 110. Kifuniko kibovu cha bei ndogo kinaweza kuua injini ya mamilioni. Vivyo hivyo maji ya bomba matupu: yanaleta kutu ndani. Na fundi akikuambia, "Themostati tuitoe, nchi hii ni ya joto," mkatalie. Kile kifaa kiliwekwa kwa sababu.

WENGINE WALIYOYAONA

Baada ya mambo haya niliuliza wanachama wengine wenye vijipu. Ndugu mmoja wa shamba la chai alinunua cha dizeli kilichotoka Ulaya. Kule kilitembea barabara kuu, mbio ndefu. Hapa akawa anakiendesha safari fupi za dakika kumi. Kichujio cha masizi katika bomba la moshi kikaziba, taa ikawaka, gari likakosa nguvu mlimani. Kichujio kile huhitaji mwendo mrefu wenye joto ili kijisafishe. Leo humaliza wiki kwa safari moja ya mbali, na taa haijarudi.

Dada mmoja wa kiwanda cha nguo chake kinavuta magurudumu yote manne. Alitia tairi mbili mpya mbele, nyuma akaacha za zamani zilizokwisha. Baada ya muda akasikia mlio chini ya sakafu. Tairi zisipolingana, zinazunguka kwa kasi mbalimbali, na kile kiungo cha katikati kinachogawa nguvu kinasukumana chenyewe kwa chenyewe hadi kiungue. Alidhani anaweka akiba ya tairi mbili.

Naye mzee mmoja, dereva mstaafu, ana kijipu cha mwaka 1998. Nilimwuliza siri yake. Akanionyesha daftari la shule: kila oili, kila mkanda, kila kichujio, tarehe na kilomita. "Gari ni kama ng'ombe," aliniambia. "Anayekumbuka kulisha ndiye anayekamua."

TUFANYE NINI

Tulikutana wadhamini wote na mwenye gari, nyumbani kwake Kabeza. Maneno makali yalisemwa. Mwishoni tuliandika masharti haya, na chama chetu cha akiba kimeyakubali:

1. Hakuna kudhamini mkopo wa gari mpaka likaguliwe na fundi anayeletwa na mnunuzi, si wa muuzaji. Fedha ya fundi ilipwe hata kama gari litakataliwa.

2. Gari likaguliwe likiwa baridi. Muuzaji akiwa ameliwasha kabla hujafika, rudi siku nyingine. Tazama maji, tazama chini ya kifuniko cha oili kama kuna utando mweupe kama maziwa.

3. Lipandishwe mlima nusu saa, kisha lizimwe na litazamwe tena. Injini isomwe kwa mashine ya kompyuta. Ukifungua swichi, taa ya injini lazima iwake kisha izimike. Isiyowaka kabisa huenda imefichwa.

4. Cheti cha kontoroli tekiniki ni cha lazima, lakini kinasema breki na taa zilikuwaje siku ile. Hakisemi gasketi itadumu mwezi.

5. Jina kwenye kadi ya njano lilingane na la muuzaji, au aonyeshe idhini halali.

6. Anayenunua gari abakize moja ya tano ya bei kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Asiyeweza kuibakiza hajafika wakati wa kununua.

Mtasema haya yanawazuia wanyonge wasipate gari. Mimi nasema yanawazuia wanyonge wasiliwe. Tajiri gari likimfia huita lingine. Sisi likitufia, huvuta pamoja nalo mshahara wa jirani, ada ya mtoto na urafiki wa miaka.

Mwenzetu alirudi kulipa mkopo. Wadhamini alitulipa 10,800 kila mwezi kwa miezi kumi, na hakuruka hata mmoja. Gari linatembea, siku hizi huwa nalikuta sokoni na vikapu vya mboga ndani. Yule mama wa kufungasha alirudishiwa fedha yake yote. Hata hivyo, mwaka ule mtoto wake mkubwa alikosa muhula mmoja wa shule, na muhula haurudishwi kwa 10,800 kila mwezi. Ndiyo sababu nimeandika.

Umoja wetu ni mzuri tunapotia sahihi pamoja. Basi tufungue boneti pamoja pia, na tuifungue kabla ya sahihi.