Kuhama si shida, noma ni anwani

Ukiunda programu ya kusoma lugha ya kompyuta na kuitekeleza papo hapo, njia ya mkato ni kutenga nafasi mapema. Unaandika kwenye C kwamba rundo la thamani lina nafasi 256, basi. Mambo yanaenda fiti hadi mtu alete hesabu inayojiita yenyewe mara 300. Thamani ya 257 inaandikwa juu ya kitu kingine kwenye kumbukumbu, na C haikuambii neno. Pengine programu inazimika. Pengine inaendelea kukupa majibu ya uongo, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

"Si uweke 10,000?" Hiyo ni kuahirisha tu.

Icheki Lua, lugha iliyozaliwa 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazil. Kama umewahi kuunda gemu ndani ya Roblox, uliandika Luau, mtoto wake. Rundo la Lua 5.4 huanza na nafasi 40 pekee. Zikijaa, huomba mara mbili: 80, 160, 320, hadi ukomo wa 1,000,000, kisha hukataa kwa ujumbe wa kosa. Kwa nini isiongeze moja moja? Kwa sababu kila nyongeza yaweza kulazimu kunakili kila kitu upya. Kufikia 1,000 kwa moja moja, hizo ni nakala karibu 500,000. Kwa mara mbili, ni 1,240.

Sasa kisanga. Realloc ya C ikikosa nafasi palepale, huhamisha rundo lote kwingine. Ni kama kutoka bedsitter ya Roysambu kwenda Rongai: vitu vyote vimefika, lakini rider wa chakula bado ana pin ya zamani. Popote ulipohifadhi anwani ya thamani, sasa unabisha kwa nyumba tupu, au kwa mpangaji mwingine.

Lua ina kitendaji kiitwacho correctstack, kazi yake ni kupitia anwani hizo na kuzirekebisha. Kwingine haitegemei anwani. Huhifadhi umbali kutoka mwanzo wa rundo. Nafasi ya 12 hubaki ya 12 hata rundo lihamie wapi. Mimi ningeanza na mbinu hii ya pili.

Halafu kompaili na -fsanitize=address, uanze na nafasi moja tu. Rundo litahama kila likikua, na anwani uliyosahau itajianika ukiwa bado kwa meza yako.